Difu Iliyotanguliza Miguu

Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, haya yote ni kweli tupu. Ukinikamata na uongo hata wa ukubwa wa nati, nitaliosha gari lenyewe kwa mikono yangu, mpaka uvunguni. Mpwa wangu ni shahidi. Yeye ndiye fundi.

Yeye na mwenzake walikutana soko la vipuri, mahali ambapo huwezi kugeuka bila kukanyaga bampa ya mwenzako. Mpwa wangu alivaa ovaroli ya bluu iliyokwisha kuwa nyeusi, na kilemba chekundu alichokifunga kama mtu anayekwenda harusini. Alikuwa ameinamia injini ya turbo iliyotolewa kwenye gari lililopinduka, akiinusa. Kijana mmoja mrefu, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, akasimama pembeni yake.

"Samahani dada. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Huyu mzima. Aliyekufa ni gari."

Kumbe kijana ni nesi. Alikuja kutafuta kioo cha pembeni cha kigari alichoachiwa na marehemu mama yake: kifupi, kizee, hakina mkia, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu. Baadaye tulikiita Kiberiti. Nesi alikuwa amepangiwa zahanati ya juu mlimani, njia yote utelezi, na Kiberiti kikifika nusu ya mlima kilirudi chenyewe kinyumenyume. Mvua zikianza hajaripoti, nafasi yake angepewa mwingine. Kuuza gari la mama hakutaka hata kusikia.

"Kinavutwa na magurudumu ya mbele tu," fundi akamwambia. "Kikipata injini hii, na difu ya kuzungusha magurudumu ya nyuma, yote manne yatafanya kazi. Hata ukutani kitapanda."

"Utakiumiza?"

"Nitakipasua kidogo."

"Basi nitasaini kama ndugu wa mgonjwa."

Jamani, ile kazi. Injini ilikuwa pana kuliko nafasi yake chini ya boneti. Fundi akakata chuma, akachomelea, akapasua sakafu katikati ili propela, ile fimbo ya kuzungusha difu, ipite kwenda nyuma. Cheche ziliruka mpaka jogoo wa jirani akadhani kumekucha, akawika. Nesi akawa anapitia gereji kila akitoka zamu, chupa ya chai mkononi, na akiwa kazini anapiga simu.

"Mpenzi, umekula?"

"Nina bolti mdomoni."

"Itafune polepole. Kinakwisha lini?"

"Kikiisha utapanda mlima uniache. Mimi sina haraka."

Nesi akacheka, ila neno lile lilimkaa moyoni.

Siku ya kukiwasha, mtaa ulijaa. Fundi akageuza ufunguo. Ngurumo ikatoka kama chini ya ardhi, halafu juu yake filimbi nyembamba ya turbo, ikapanda, ikapanda, mpaka watu wote wakanyamaza kama wako kwenye nyumba ya ibada. Muuza magazeti akavua kofia. Mimi vinyweleo vilinisimama na havijalala mpaka leo.

Fundi akaingiza gia, akaachia klachi. Kiberiti hakikwenda popote. Mbele kilivuta kwenda mbele, nyuma kilivuta kurudi nyuma. Kikabaki pale pale kinatetemeka, matairi yanafuka moshi, kama watu wawili wanaogombea shuka moja.

Nesi akatazama mawingu, kisha akamtazama yeye. "Umefanya makusudi."

"Nini?"

"Si ulisema huna haraka? Hutaki niondoke."

"Niharibu kazi yangu makusudi? Sema hunipendi, nitavumilia. Hilo usiniambie."

Nesi akaondoka na shati lake jeupe bila kuaga.

Kesho yake asubuhi fundi alijilaza kwenye kadibodi chini ya gari, macho yamevimba. Mimi nilishika tochi na kutoa ushauri, ambao haukutumika. Ghafla akatulia. Alipokuwa akitafuta nafasi ya kulikwepa tangi la mafuta, alikuwa ameipachika difu juu chini, na ikikaa hivyo huzungusha magurudumu kinyume. Akapiga simu hapo hapo alipolala.

"Nesi."

"Nakusikia."

"Sikukusudia. Nimekosea. Difu niliiweka kichwa chini, miguu juu."

Ikaja ile sauti yake ya kazini: "Yaani ametanguliza miguu."

"Nani?"

"Mtoto. Tunawapata wodini. Hageuzwi na mtu mmoja. Usimguse, mpenzi, nakuja."

Akaja na sare zake, akalala kwenye oili ubavuni mwake, wakaigeuza pamoja, mikono minne. Shati lile halijatakata hadi leo.

Mvua ya kwanza ilitukuta mlimani, fundi kwenye usukani, Nesi ubavuni, mimi kiti cha nyuma. Sasa sikiliza. Filimbi ikalia, matope yakafungua njia, Kiberiti kikapaa. Kivuli chetu kikaachwa nyuma kikiomba lifti. Kileleni Nesi akapiga magoti kwenye matope, akatoa pete inayowaka kama taa za mbele, akahutubia mpaka mawingu yakaona haya.

Hapo ndipo mpwa wangu, ambaye kumbe alikuwa akisoma haya ninayoandika juu ya bega langu, aliponigonga kwa spana kidogo.

"Mjomba, mvua ilikuwa inanyesha. Kivuli kilitoka wapi?"

"Kilikuwa..."

"Na ulifumba macho tangu kona ya kwanza, unamwita mama yako."

"Na pete?"

"Pete ipi? Nilizima injini mlangoni pa zahanati. Nikamuuliza, 'Ukishashuka, nirudi au nibaki?' Akasema, 'Baki.' Nikabaki."

Maneno yangu yote yale, na wenyewe walimaliza kwa moja.

"Mjomba," Nesi akaita kutoka uani, "ndoo hii hapa. Na uvungu usisahau."

Kwa hiyo nimelala chali chini ya Kiberiti, sponji mkononi, maji ya matope yananiingia sikioni. Difu iko hapa juu ya pua yangu, imekaa sawasawa, inang'aa. Na naapa, imenikonyeza.