Hodi Mlangoni pa Tanuri

Haya aliniambia shoga yangu fundi cherehani, mwanamke asiyejua kutunga uongo hata wa kumfukuza mgeni. Mke wa mwanawe alilitupa koti la marehemu mume wa shoga, eti linanuka uzee. Basi shoga akalifuata lori la taka mchana kweupe hadi kile kiwanda kikuukuu kinachochoma takataka kutoa umeme.

Ndani mlikuwa na giza la chungu. Mlisha tanuri alikuwa ameshalinasa koti kwa kulabu.

"Mwanangu, hilo langu!"

"Bibi, hapa kila kitu ni kuni. Hata wewe, ukizubaa."

Akalitupa motoni, akaubamiza mlango wa chuma huku anacheka.

Shoga, kwa hasira, akaugonga mlango ule kwa mwavuli, kama anayemwendea jirani mwizi. "Hodi! Hodi humo ndani!"

Ngurumo ya moto ikakatika. Kisha sauti ya upole ikajibu kutoka mle mle tanurini:

"Karibuni. Vueni viatu."

Shoga akageuka akimbie. Yule mlisha tanuri, na jeuri yake yote, alikuwa ameinama, anafungua kamba za viatu.