Mkono Kwenye Sinia la Mwalimu Placidius

Nilikuwepo! Kwa macho haya haya yanayoona kisigino cha sisimizi toka Isingiro mpaka Bweranyange. Asiyeamini akalale.

Mwaka themanini na tatu, Mwalimu Placidius wa fizikia alikuwa anapima unene wa chembe ya mafuta, nyumbani kwake. Anajaza maji kwenye sinia, ananyunyiza poda ya mtoto, anadondosha tone la mafuta dogo kuliko chozi la kiroboto. Poda inakimbilia pembeni. Pale katikati, anasema, mafuta yametandaa unene wa chembe moja tu, wembamba kupita huo hakuna duniani. Ila maji yawe safi kabisa. Ukigusa kwa kidole, jasho lako limeshaharibu kazi.

Basi kila akirudi kutoka kufundisha anakuta poda imekimbia kabla hajadondosha tone. Na chumba kinanuka samli iliyochacha.

"Ni wewe," akamwambia Nyirabahire, msichana wa kazi wa kwake na mkewe. "Unajipaka samli, unakuja kuchezea maji yangu."

"Sijaingia, mwalimu. Haki ya Mungu."

"Kesho nikikuta tena, funga mzigo."

Aende wapi? Wazazi wake wote walizikwa Kaisho, ndugu hana.

Kesho yake asubuhi nzima Nyirabahire alikuwa shambani kwangu, jirani na kwa mwalimu, tunapalilia maharage. Saa saba mwalimu akamwita kwa ukali, nikamfuata.

"Alikuwa na mimi," nikasema.

"Wewe? Muongo wa tarafa nzima? Nani akuamini?"

Tukaingia. Poda ilikuwa nyeupe pee, na katikati imefunguka umbo la mkono uliotanua vidole, na ile samli ikanipanda puani mpaka machozi, na hakuna upepo, hakuna aliyegusa meza, lakini pale kwenye kiganja maji yalikuwa yanapanda na kushuka polepole, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Lete mkono wako tulinganishe," mwalimu akanong'ona, akageuka kumvuta binti.

"Hesabu vidole kwanza, mwalimu," nikasema.

Akahesabu. Sita.

Akamwachia. "Yesu wangu. Tokeni. Tokeni taratibu."

Jioni ile ile alihama nyumba na mkewe, na Nyirabahire wakamchukua. Sinia liliachwa mezani.

Sasa niseme ukweli. Kidole cha sita nilikitunga mimi. Nilichovya changu mwalimu alipogeuka. Vile vitano nilivikuta. Na nilipochovya, kitu kilikishika kidole changu, kwenye sinia lenye maji ya kina cha ukucha.