Bafu la Nyumba Iliyohamwa

Rafiki yangu mmoja, fundi bomba, hakiamini kichwa chake hata kidogo. Kila kazi huiandika kwenye simu, na akiimaliza huigusa kwa kidole, simu ikalia "ting" na kazi ikafutika.

Mchana mmoja aliitwa kuzibua bafu la nyumba iliyohamwa. Mama mwenye nyumba alimfungulia mlango huku ameziba pua.

"Mimi huko siingii, mwanangu. Nitakusubiri nje."

Bafu halikuwa na dirisha wala taa. Fundi akawasha tochi ya simu, akaiegemeza kwenye rafu nyuma yake, akavaa glavu na kupiga magoti. Alichokivuta kwenye tundu la maji kilikuwa nywele, zimegandamana kwa utelezi wa kijivu, zinanuka kama nyama iliyooza. Kila alipovuta, zilizidi kuja. Mate yakamjaa mdomoni, akayatema kando. Fundo la mwisho lilichomoka kwa mlio wa kufyonza, na maji yakashuka yakikoroma.

Mwanga ukazibika kidogo, kama mtu amepita. Nyuma yake simu ikalia, "ting".

"Mama, ni wewe?"

"Niko huku getini, baba," sauti ikajibu kutoka mbali.

Fundi akaziachia zile nywele, akavua glavu, akaigeuza simu. Kazi ilikuwa imeshafutwa. Juu ya kioo cha simu palikuwa na alama ya kidole chembamba, ya utelezi uleule wa kijivu, bado inachuruzika.