Mlango wa Nyuma wa Kituo cha Afya

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ratri alifagia uwanja, kisha akamlisha uji wa mchele mdogo wake Galih, mtoto wa miaka mitano mwenye maneno mengi kuliko redio. Baba yao alifanya kazi mbali, katika jiji la Surabaya, Indonesia, na mama yao alikuwa fundi cherehani hapo nyumbani.

Wiki ile kijiji cha Karangsari kilipambwa bendera nyekundu na nyeupe, maana Sikukuu ya Uhuru ilikaribia. Mwalimu Mulyono aliwataka wanafunzi wa darasa la sita waseme wanaitakia nini nchi yao. Ratri alisimama.

"Mimi natamani nchi ambayo mtu akienda kutafuta huduma, hahitaji kuwa na ndugu ndani."

Wenzake walipiga makofi, isipokuwa Tegar.

"Msikieni!" alicheka. "Na shangazi yake ndiye anayeita wagonjwa pale kituo cha afya! Subiri yakufike, dada, ndipo tukuone."

Darasa likaangua kicheko. Ratri aliketi, uso ukimwaka.

Yakamfika Jumatatu. Galih aliamka mwili ukimchoma kama jiko, hataki kula wala kusema. Homa ya dengi, inayoenezwa na mbu, ilikuwa imeingia kijijini, na mtoto mmoja wa mtaa wa pili alikuwa ameshafariki. Mama alimbeba Galih mgongoni, wakatoka mbio.

Baraza la kituo lilifurika watu, na daktari alikuwa mmoja tu, Daktari Laksmi. Mama hajapata hata pa kuketi, shangazi Endah akatokea pembeni na kunong'ona, "Wifi, pitieni nyuma. Haraka, watu wasiwaone."

Mama hakungoja kuambiwa mara ya pili. Ratri alifuata, miguu mizito. Karibu na mlango huo wa nyuma, mwisho wa baraza, aliketi Sulastri, muuza mboga, amempakata binti yake.

"Mtoto anaendeleaje, mama?" Ratri aliuliza.

"Afadhali, mwanangu. Homa imeshuka tangu alfajiri. Sasa analala tu."

Ratri aliushika mkono wa yule mtoto. Ulikuwa wa baridi na unyevunyevu. Kwenye fizi palikuwa na damu. Shuleni walifundishwa kwamba kwenye dengi, homa ikishuka ghafla na mikono ikapoa, hapo ndipo hatari huwa kubwa.

Alimkimbilia mama yake. "Mama, yule mtoto hali yake mbaya. Atangulie yeye."

"Una wazimu? Mdogo wako anaungua hivi!"

"Nyamaza, Ratri," shangazi akadakia. "Utaniponza kazini!"

Ratri alimtazama Galih, midomo imemkauka, macho nusu yamefumba. Je, akizidiwa wakati wanangoja? Mlango wa chumba cha daktari ukafunguka.

"Nani anafuata?" Daktari Laksmi aliuliza.

"Huyu hapa," shangazi akajibu.

"Si sisi, Daktari!" Sauti ya Ratri ilisikika baraza zima. "Sisi tumepitia nyuma. Kuna mtoto hapo nje, mikono imepoa na fizi zinatoka damu!"

"Kumbe ndivyo mnavyotupiku!" mzee mmoja alifoka.

Daktari hakungoja ugomvi. Alitoka, akaushika mkono wa yule mtoto, na uso wake ukabadilika. "Leteni dripu! Endah, ita gari la wagonjwa, sasa hivi!"

Galih akabaki nje. Mama alimnywesha maji kwa kijiko huku machozi yakimtiririka, wala hakumtazama Ratri hata mara moja. Kila Galih alipofumba macho, Ratri alimtikisa bega. Watu waliitwa mmoja baada ya mwingine. Hatimaye zamu yao ikafika.

"Ni dengi," Daktari alisema baada ya kumpima, "lakini hayuko hatarini. Anywe maji kwa wingi, na kesho mrudi nimwone. Akianza kutapika mfululizo, akitoka damu au mikono ikipoa, mleteni saa yoyote."

"Na yule mwingine?" Mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Amefika hospitali kubwa akiwa hai. Angekawia kidogo tu, tungempoteza."

Juma lililofuata binti wa Sulastri alirudi nyumbani, na Galih akaanza tena kusumbua watu kwa maswali. Pale kituoni iliwekwa meza mlangoni: kila mgonjwa alitazamwa mara afikapo, na aliyezidiwa ndiye aliyetangulia. Shangazi Endah alipewa onyo kali, kisha akawekwa kwenye meza hiyohiyo. Bwana mmoja mwenye gari alipotaka kupita bila kungoja, Endah alimwambia, "Kaka, keti. Kikohozi chako kitasubiri."

Jioni moja Mama alimwita Ratri.

"Siku ile nilitaka kukuzaba kofi," alisema. "Sote tunataka nchi ya haki, mwanangu, ila haki ikituambia tusubiri, tunatafuta mlango wa nyuma. Wewe ulisema kweli ilipokuwa inakuuma mwenyewe. Watu wa namna hiyo ndio wanaoijenga nchi. Haya, shika ndoo, tukamwage maji yaliyotuama nyuma ya nyumba kabla mbu hawajazaliana."