Dishi Lilipomgeukia Edmund

— Zima kabisa, Edi. Usiondoe mlio tu. Zima, halafu itie humu.

Kunegunda alikuwa ameshika debe la bati lenye mfuniko. Edmund akacheka, akazima simu yake na kuitumbukiza debeni, juu ya simu ya mchumba wake na ile ya mama mkwe mtarajiwa.

— Nyota zenu zina deko, akasema.

— Hazina deko, zina sauti ndogo. Simu ikipiga kelele karibu, mimi sizisikii.

Ilikuwa Jumamosi mchana, lakini jua lilikuwa halijaonekana tangu asubuhi. Ukungu wa Juni ulikuwa umeshuka kutoka milima ya Matogoro ukatulia uwanjani, na kaburi la mzee Beda, baba yake Kunegunda, lilionekana nusu tu. Kando ya kaburi hilo lilisimama dishi la zamani la televisheni, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na uwazi. Hivyo ndivyo alivyojua Kunegunda, mwalimu wa fizikia. Majirani waliona ungo, kaburi na mwanamke ambaye hajaolewa, wakamaliza hesabu yao wenyewe.

Kunegunda hakuwajali. Dishi lile lilipokea mawimbi ya redio yatokayo angani, kuwe na jua au mawingu. Dokta Walburga, mtafiti aliyewaongoza walimu wachache katika kazi hiyo, alikuwa na nafasi moja ya masomo Afrika Kusini, kwenye madishi makubwa kama nyumba. Alichotaka ni rekodi moja safi. Zote alizotumiwa na Kunegunda zilikuwa zimeharibika, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Kesho yake, kanisani, lingesomwa tangazo la tatu la ndoa yake na Edmund. Furaha mbili zilikuwa zimemwangukia kwa pamoja, na moyo wake haukujua ushike ipi kwanza.

Hapo shambani kwa mama yake umeme ulikuwa haujafika, kwa hiyo Edmund ndiye aliyeleta betri kutoka dukani kwake Majengo, kwa pikipiki. Akaiunganisha. Spika ikaanza kutoa sauti laini, kama mchele unaopepetwa.

Kisha: ngo-ngo-ngo-ngo.

Mama, aliyekuwa akichambua maharage barazani, akasimamisha mikono.

— Ameanza tena, akanong'ona. Baba Kune anabisha.

— Mama, baba hakubisha hivyo. Akifika mlangoni alikuwa anagonga mara mbili, anatulia, halafu mara moja.

— Mtu akifa hubadilika.

— Sasa mzee anataka nini, mama? Edmund akauliza, akijaribu kutabasamu.

— Sijui, mkwe wangu. Ila tangu tumzike hatujamsikia. Ni wewe ukija ndipo anabisha.

Edmund akasogeza kiti chake mbali na kaburi. Kunegunda aliona, naye akatega sikio. Fizikia aliijua, lakini alikuwa pia mtoto wa marehemu, na mtoto wa marehemu haachi kusikiliza.

Akachukua simu yake debeni, akapanda kilima cha nyuma ya nyumba, mahali pekee palipopatikana mtandao wa uhakika. Alikuta ujumbe wa Dokta Walburga: “Kunegunda, nimeusikiliza mlio huo wa kugonga ulionitumia. Si nyota, na mwambie mama si mzimu. Ni simu inayotafuta mtandao. Mtandao ukiwa hafifu ndipo simu inapaza sauti zaidi. Hata ikiondolewa mlio bado inatuma. Lishushe dishi, uligeuze polepole. Litakuonyesha iliko.”

Akaisoma, akairudia. Simu zao zote zilikuwa debeni. Basi palikuwa na nyingine.

Akashuka bila kusema neno, akazima simu, akairudisha debeni na kufunika. Akalegeza nati, akaliinamisha dishi kutoka angani. Akalielekeza kwa mama yake. Mlio ukafifia. Akalielekeza kwenye pikipiki. Ukafifia zaidi. Akaligeuza kwa Edmund.

Ngo! Ngo! Ngo! Ngo!

Edmund akainuka, akazunguka upande wa pili wa kaburi. Dishi likamfuata ndani ya ukungu.

— Kune, geuza hicho kitu.

— Kwa nini?

— Kinanitazama.

Mama alikwishatoa rozari.

— Sema naye, Baba Kune, akanong'ona. Sema naye tusikie.

Edmund akapiga magoti kwenye udongo wa kaburi. Uso ulikuwa umemtoka jasho, na baridi yote ile.

— Mzee Beda, nisamehe. Nilikuwa nitamwambia. Saada nilimwoa kabla sijamjua mwanao. Kule Tunduru mimi naitwa Azizi. Nilisilimu, tukafunga ndoa, tuna mtoto. Nisamehe, mzee wangu. Usibishe tena.

Spika haikumsikia, ikaendelea kugonga. Kunegunda akashikilia ukingo wa dishi. Alikuwa akitafuta simu tu, akaletewa mke.

— Si baba, Edi, akasema. Toa simu uliyoificha.

— Nimeizima.

— Umeondoa mlio. Itoe.

Akaitoa mfuko wa ndani wa koti, kasimu kadogo keusi ambako Kunegunda hakuwahi kukaona. Alipokapokea tu, ujumbe uliokuwa umekwama ukaingia. Akausoma kwa sauti, ili mama naye asikie:

— “Baba Ibra, homa ya mtoto haishuki tangu jana. Nimekupigia mpaka nimechoka. Uko wapi, mume wangu?”

Edmund alibaki amepiga magoti.

— Kune, nakupenda. Hilo si uongo.

— Najua. Ndiyo maana linauma.

— Nipe nafasi nieleze.

— Mtoto ana homa, Edi. Panda kilimani umpigie mama yake, kisha uende Tunduru.

— Na tangazo la kesho?

— Nitamwona padre jioni. Halitasomwa.

Edmund alichukua simu zake zote mbili na kuondoka bila kuaga. Pikipiki iliposikika mbali, Kunegunda alilia. Alilia waziwazi, kichwa mapajani mwa mama yake, na mama hakumwambia nyamaza. Alipochoka akanawa uso, akaliinua dishi kuelekea angani.

Betri ilikuwa imebaki. Spika ikapepeta mchele wake, laini, bila ngo hata moja. Kwenye kioo cha kompyuta iliyounganishwa na dishi, mstari ukainuka kama kilima kidogo, alama ya gesi iliyotanda kati ya nyota. Akachukua simu yake, akapanda na rekodi hiyo kilimani, akaituma. Jibu halikukawia: “Safi kabisa. Nafasi ni yako. Anza kushughulikia pasipoti.”

Alishuka akiwa na machozi na tabasamu pamoja. Kwa mazoea akazima simu, akaitia debeni, akafunika. Ukungu sasa ulikuwa umefika kwenye paa. Akanyoosha mkono auzime mtambo.

Ngo, ngo.

Kimya.

Ngo.

Mkono ukabaki hewani. Akafunua debe. Simu mbili, yake na ya mama, zote zimezimwa.

— Mama, umesikia?

— Nimesikia.

— Hakuna simu, mama. Hakuna mtu.

— Najua. Alikuwa anangoja yule atoke.

Mama akaweka sinia la maharage chini, akajifunga kanga vizuri, akaenda kufungua mlango wa mbele.