Nyusi za Piko

Nyumba ya Bi Rawiya iko Mkunazini, Unguja mjini, katika kichochoro chembamba ambacho hata mkokoteni haupiti. Kila asubuhi harufu ya hiliki hutoka dirishani. Bi Rawiya huoka mkate wa kumimina, na watoto wa jirani huja kununua kabla ya kwenda skuli. Mumewe, Bwana Masoud, hutengeneza saa katika duka dogo hapo chini. Binti yao, Tamima, ndiye aliyekuwa akiwakatia watoto mkate.

Lakini mwezi ule Tamima hakuonekana dirishani. Alikuwa mwari, amewekwa ndani. Harusi yake na Hamid, kijana wa Nungwi, ilikuwa inakaribia. Mwari hatoki nje. Husingwa mwili kwa liwa yenye kunukia, hufukizwa udi, na hakuna anayemwona uso ila mama yake na somo wake, yaani mwanamke anayemfunda. Somo wake alikuwa Bi Asila, dada mkubwa wa Bi Rawiya.

Bi Asila alijulikana mji mzima kwa mkono wake mwepesi. Alishona kofia za viua. Aliwapaka maharusi hina na piko. Piko ni ile rangi nyeusi ya nywele, inayouzwa dukani ikiwa unga ndani ya pakiti. Wapakaji huikoroga na kuchorea maua meusi mikononi na miguuni.

Tamima alikuwa na jambo moja lililomtesa. Nyusi zake zilikuwa haba. Skulini wenzake walimwita Kibua, kwa sababu samaki hana nyusi. Alicheka nao mchana. Jioni alijitazama kwenye kioo na kujichukia.

Bi Asila alilijua hilo.

"Mwanangu," alimwambia siku moja, "huko Maskati wanawake hawahangaiki na wanja tena. Nyusi huchanjwa na kutiwa rangi. Unaoga, unalala, unaamka nazo."

"Na wewe unajua kuchanja, mama mkubwa?"

"Mimi? Nashona viua tangu sijavunja ungo. Nitashindwa na nyusi mbili?"

Bi Rawiya alikuwa mlangoni na sinia la mkate.

"Dada, kuchanja mwili si dini imekataza?"

"Huku si kuchanja. Nnadonoa tu, kama kuku."

Wote watatu wakacheka. Bi Asila akatoa sindano tatu za kushonea kofia, akazifunga pamoja kwa uzi.

"Nshamfanyia Sichana wa nyumba ya pili," alisema. "Kapendeza! Mama yake alipomwona hakumjua."

"Kwa sindano hizo hizo?" Bi Rawiya aliuliza.

"Nimezipangusa kwa maji ya mawaridi. Zinanukia kuliko wewe."

Akachovya sindano kwenye piko nzito. Akadonoa. Tamima aliuma ncha ya kanga. Kazi ilipokwisha, Bi Asila alimpa kioo. Nyusi zilikuwa nyeusi, nene, zimepinda vizuri. Tamima alijitazama mpaka machozi yakamtoka. Hakuwahi kujiona mzuri hivyo.

Kesho yake nyusi ziliwasha. Baadaye zikavimba. Ngozi ikatoa malengelenge, na malengelenge yakapasuka yakitoa maji ya manjano. Uvimbe ukateremka mpaka kwenye kope. Jicho la kushoto likafumba.

Bi Asila alikuja na dawa ya meno, akampaka juu ya vidonda.

"Umepata jicho," alisema. "Watu wana husda na harusi hii."

"Tumpeleke hospitali, dada," alisema Bi Rawiya.

"Hospitali! Umtembeze mwari njiani na uso kama huu? Wakwe wa Nungwi wasikie? Wewe huna haya, Rawiya?"

Bi Rawiya alikuwa na haya. Alikuwa na haya nyingi. Kwa hiyo hospitali hawakwenda. Bwana Masoud alipouliza kama binti yake hajambo, alijibiwa kwamba mwari hajambo, ila haonekani. Naye hakuuliza zaidi, maana ndiyo desturi. Nyuma ya pazia la uari, msichana alikuwa anaumia, na nje hakuna aliyejua.

Tamima alikigeuza kioo kikaangalia ukuta. Mama yake alipomletea uji, alijifunika kanga.

"Usinitazame, mama."

"Mimi ni mama yako."

"Nlitaka mwenyewe. Hakunishika mtu mikono. Nitamwambia nini Hamid? Kwamba nlijiharibu uso kwa sababu ya nyusi?"

 Mama alichukua foronya iliyochafuka, akaenda kuifua.

Foronya ndizo zilizotoa habari. Dirisha la ng'ambo ya kichochoro lilikuwa la Time binti Machano, muuguzi. Kila akirudi kazini aliona foronya zimeanikwa, na kila foronya ina madoa ya manjano. Siku hiyo alishuka, akapiga hodi.

"Hodi hapa!"

"Karibu. Mkate umekwisha, Time."

"Shikamoo, Bi Rawiya. Leo sikufuata mkate. Nani ana kidonda humu ndani?"

"Marahaba. Hakuna."

"Bi Rawiya, madoa yale nayaona kila siku kazini. Nayajua. Nani?"

Bi Rawiya alishika mlango kwa mikono miwili, kama anayezuia mbuzi asitoke. Kisha akauachia.

"Time, usimwambie mtu."

Time aliingia chumbani. Alinawa mikono kwa sabuni, akaketi kitandani, akafunua kanga taratibu. Hakupiga ukelele, wala hakusema "pole" ya kutisha. Aliuliza tu, "Unaona ukifumbua?"

"Naona ukungu."

"Umetiwa nini hapa?"

Tamima alimweleza yote. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Alipofika kwenye dawa ya meno, Time alitikisa kichwa.

"Sikiliza, mdogo wangu. Piko ni dawa ya nywele. Ina kemikali kali. Kwenye pakiti wameandika usipake kwenye nyusi wala kope."

"Mama mkubwa huimwaga kwenye kopo. Pakiti huzitupa."

"Basi ndiyo hasara yake. Na hata nywele, inabidi kwanza upake tone moja upande wa ndani wa kiwiko, usubiri siku mbili uone kama ngozi itakataa."

"Lakini mkononi nimepakwa piko harusi nyingi. Sikuwahi kuwashwa," Tamima alisema. "Na Sichana hakudhurika."

"Miili haifanani. Tena mwili unaweza kuivumilia mara tano, mara ya sita ukaikataa. Ukishaikataa, itakudhuru kila ukiipaka. Usiiguse tena maisha yako, hata kwenye nywele." Time akazitazama tena nyusi. "Umesema Sichana. Sindano zilikuwa mpya?"

Bi Rawiya alijibu, "Zile zile. Zilipanguswa kwa maji ya mawaridi."

"Maji ya mawaridi hayaui vijidudu. Sindano iliyotoka kwenye damu ya Sichana ikaingia kwenye damu ya Tamima inaweza kubeba homa ya ini. Inaweza kubeba virusi vya ukimwi. Sisemi Sichana mgonjwa. Nasema hatujui, na yeye hajui. Wote wawili wapimwe."

Bi Rawiya alikaa sakafuni.

"Kwani hao wa Maskati hawafi?"

"Anayejua kazi hiyo ana rangi iliyotengenezwa kwa ngozi, si ya nywele. Huvaa glavu. Hufungua pakiti ya sindano mpya mbele ya macho yako, na akimaliza huitupa. Akikataa kukuonyesha, unaondoka. Na hata hivyo rangi ile hukaa miaka, ukiichukia huwezi kuiosha."

"Na dini?"

"Hilo kamuulize sheikh. Mimi nazungumzia ngozi. Sasa hivi Tamima anakwenda hospitali."

"Baba yake yuko chini!"

"Basi atatuitia teksi."

Bwana Masoud alimwona binti yake akiteremka ngazi amejitanda buibui mpaka puani. Aliona jicho moja.  Akaliacha duka wazi na saa za watu mezani, akakimbilia barabarani kutafuta gari.

Daktari alisafisha vidonda kwa maji safi, akampa vidonge na dawa ya kupaka. Aliwaambia wasitie dawa ya meno, vitunguu wala majani. Alisema wangechelewa zaidi, jicho lingeweza kuharibika kabisa. Damu ilipimwa, na haikuonyesha ugonjwa. Lakini daktari alisema kipimo kimoja hakitoshi, kwa sababu ugonjwa mpya huchelewa kuonekana. Arudi baada ya miezi mitatu.

Uvimbe ulishuka. Jicho likafumbuka na kuona vizuri. Magamba yalipodondoka, nyusi zilidondoka nayo, hata zile chache alizozaliwa nazo. Palibaki mistari miwili myekundu.

Bi Rawiya alikwenda kwa dada yake kumweleza habari za sindano. Alirudi amekunja uso.

"Kasemaje?" Tamima aliuliza.

"Kasema nna wivu na kazi yake. Kasema siku ya hina atawadonoa wasichana watatu wa Nungwi. Wamemwona Sichana, na wao wanataka."

Siku ya hina ilifika. Ukumbi ulijaa wanawake. Bi Amne, mama yake Hamid, alikuja na wasichana wake kutoka Nungwi. Tamima alikaa nyuma ya pazia na mtandio usoni. Alisikia vicheko. Kisha akasikia sauti ya Bi Asila.

"Haya, nani wa mwanzo? Njoo wewe mwenye mapengo ya nyusi. Usiogope, hata mwari wangu nimemdonoa. Mtamwona kesho, mwezi wa kumi na nne!"

Tamima aliona joto limempanda kutoka miguuni. Akikaa kimya, hakuna atakayejua. Kesho atapakwa wanja, atakwenda zake Nungwi. Na wale wasichana?

Alisimama. Akafungua pazia.

"Astaghfirullah! Mwari katoka!" mtu alipiga ukelele.

Tamima akauvua mtandio.  Alitamani sakafu ipasuke immeze. Alizungumza akiitazama mikeka, si watu.

"Hizi ndizo nyusi zangu. Nlidonolewa kwa piko. Nlikaribia kupofuka. Sindano hizo zilitoka kwa Sichana zikaja kwangu, na sasa zinataka kwenda kwenu. Zinaweza kuambukiza homa ya ini na ukimwi. Msikubali. Sichana, shoga yangu, nenda ukapimwe. Mimi nimekwenda, na nitarudi tena."

Sichana alianza kulia. Wasichana wa Nungwi walirudi nyuma. Bi Asila alibaki ameshika sindano hewani, uso umemwiva.

Bi Amne aliinuka polepole. Alimwendea Tamima, akamwinua kidevu, akamtazama.

"Macho yanaona?"

"Yanaona, mama."

"Basi kakae. Hina hupakwa mikononi." Akageukia ukumbi. "Na iwe hina ya majani, isiyo piko."

Time alikuwa miongoni mwa wanawake. Aliwaita wasichana pembeni na kuwaeleza kama alivyomweleza Tamima. Siku ya pili yake, asubuhi, Sichana alikwenda naye hospitali.

Tamima aliolewa akiwa hana nyusi, na yeye mwenyewe alimweleza Hamid sababu. Watu walinong'ona, na yeye alisikia. Haya haikumtoka siku ile wala mwezi ule. Baada ya miezi mitatu yeye na Sichana walirudi kupimwa. Wote wawili walikuwa salama. Vinyweleo vichache vilianza kuota, na akitoka Tamima hujipaka wanja wake mwenyewe, ambao hakuazima wala hamwazimi mtu.

Siku moja Bi Asila alifika Nungwi. Tamima alimwamkia, akamtandikia mkeka, akamletea kahawa na kipande cha mkate wa kumimina. Bi Asila hakugusa.

"Piko nshaitupa," alisema. "Napaka hina ya majani peke yake. Sindano zangu ni za kofia tu. Wateja wamerudi, wanasema mkono ni ule ule."

"Alhamdulillahi, mama mkubwa."

"Uliyoyataka yamekuwa. Sasa niombe radhi."

"Kwa lipi?"

"Umenivua nguo mbele ya watu! Mimi somo wako, niliyekupokea ulipozaliwa. Ungeniita pembeni."

"Mama alikuita pembeni."

"Mama yako si wewe. Nlikaa ndani mwezi mzima kwa haya. Sokoni siendi."

"Najua. Na mimi nlikaa ndani kwa haya."

"Basi sema neno moja tu, tumalize."

Tamima alimpenda mama yake mkubwa. Uso ulimwaka, kama siku ile ya pazia. Lakini safari hii hakuitazama mikeka. Alimtazama Bi Asila machoni.

"Nakupenda, mama mkubwa. Kunywa kahawa yako. Radhi siombi."

"Hata leo, nimepanda gari mpaka huku?"

"Hata leo."

"Hata kesho?"

"Siombi."