Uso Wangu Kwenye Karatasi ya Mlangoni

"Zornitsa, mbona hukuniambia kuwa wewe ni mwigizaji?"

Bwana Anselm, mpangaji wetu, alisimama mlangoni pa jikoni, anacheka, karatasi mkononi.

Nikaitazama... Jamani! Ndoo ilinidondoka!

Ulikuwa uso wangu. Macho yangu. Kidevu changu chenye kishimo. Na juu yake, msalaba mweusi.

Ndugu zangu mnaosoma, kwetu Ruse, mji wa kando ya mto Danubi, karatasi zile hazitangazi maigizo. Zinatangaza wafu. Ukifa, unabandikwa mlangoni kwako. Kila mwaka ukitimia, unabandikwa tena.

"Umeitoa wapi?" nilinong'ona.

"Kwenye mlango mmoja mzuri sana! Mtaa wa nyuma ya bandari."

Mzee wa watu alitoka Austria, kwetu amefuata bei chee na barabara zisizo na msongamano. Kazi yake kutwa ni kupiga picha milango mikuukuu. Lugha yetu anaizungumza, ila herufi zetu hawezi kuzisoma.

Lakini mtaa ule... Mama mkubwa aliyenilea alinikataza kuukanyaga tangu nikiwa mdogo. "Kuta zinaanguka, zitakuua!" Basi sikuwahi kufika.

Niliishia darasa la nne, kwa hiyo nilisoma kwa kidole, herufi moja moja.

*Miaka kumi na minane bila Nevena.*

Nevena ni mama yangu!

Mama yangu yuko Hispania, anachuma matunda. Ndivyo nilivyolelewa. Picha yake sikuwahi kuiona, niliambiwa aliondoka nazo zote. Ila kila Machi mosi alinitumia kwa posta uzi mwekundu na mweupe wa kufunga mkononi, kama kila mtu kwetu anavyofungwa siku hiyo, mpaka amwone korongo wa kwanza, ndipo autundike mtini.

Na mimi nilikuwa na tiketi ya basi la Hispania. Jumamosi hii! Nikamtafute.

Mama Mkubwa Penka aliingia na sinia la mkate wa jibini. Alipoiona karatasi, akaliweka sinia chini taratibu.

"Nani kaibandua?"

"Mimi, mama," Bwana Anselm akajibu kwa furaha. "Imefanana na binti yenu!"

"Mama Mkubwa," nikasema. "Mama amekufa?"

Alinitazama... kisha akatikisa kichwa, kulia, kushoto.

"Si unaona!" Bwana Anselm akanipiga bega. "Amekataa! Usilie, binti, mama mzima!"

Maskini, hakujua. Kwetu kichwa kikienda kulia na kushoto, ni ndiyo.

Nilikaa sakafuni, kwenye maji ya ndoo.

"Ulinidanganya miaka yote!"

"Ulikuwa na miaka minne, Zornitsa. Ulikuwa unakaa dirishani unamwita. Ningekwambia nini? Kwamba aliteleza gatini, Danubi ikamchukua?"

"Ungesema hivyo hivyo!"

"Nilishindwa. Karatasi nikaibandika kule mlangoni kwake, ambako hufiki." Akaanza kulia. "Nikawa nampa dereva wa lori bahasha aitie posta kule Hispania. Kila Machi, uzi wako. Ulipofika miaka kumi na minane nikasema basi, umekua. Nikaacha."

Nikanyanyua uso.

"Ukaacha?"

"Miaka minne sasa. Kwani hukuona?"

Jamani! Nilivuta mkono wa sweta juu.

Uzi ulikuwepo. Mwekundu na mweupe.

Mama mkubwa akarudi nyuma hadi ukutani. "Huo umeupata wapi?"

"Kwenye komeo la dirisha langu. Miaka minne naukuta pale. Nilidhani mama bado anatuma, nawe unanifungia pale."

"Si mimi! Naapa si mimi!"

Akaugusa kwa ncha ya kidole. Akautoa mkono haraka, akauangalia.

Umelowa.

Tangu Machi mosi ulikuwa umelowa, na siku ile ilikuwa tarehe ishirini na sita. Nilidhani ni maji ya kufulia. Mama mkubwa akanusa kidole chake, akajifunika mdomo. Ulikuwa unanuka tope la mto.

Bwana Anselm alikuwa bado anatabasamu, anatuangalia mmoja mmoja. Kisha tabasamu likamtoka.

Tiketi nimeirudisha. Ile karatasi sikuirudisha kule bandarini. Nimeibandika kwa gundi kwenye mlango wetu huu, ninapoishi mimi, ili mama aingie mlangoni, asihangaike tena na dirisha.

Wenzangu mnaolea watoto wa marehemu, waambieni. Mtoto aliyedanganywa hukaa anasubiri, na mfu anayesubiriwa hapati kupumzika.

Jana korongo wa kwanza alipita juu ya mto. Nikaufungua uzi, nikautundika kwenye tawi la mti wa plamu uani.

Asubuhi hii nimekwenda kuutazama.

Umekauka.